Mwaka Tulipofua Aproni za Ndugu wa Nguzo

Siku ya kuniaga mlinipa maikrofoni mkanitaka niseme neno, nami nikasema asanteni sana, nikaketi. Keki ilikuwa imeanza kuyeyuka, na mimi nimekaa londri muda wa kutosha kujua kwamba joto halingoji hotuba. Sasa niko nyumbani kwangu Bongwe, nina kiti na nafasi, basi niacheni niwaandikie yale niliyoyameza siku ile. Ya vyeo na mishahara waulizeni watu wa ofisini. Mimi nitasema ya maji, sabuni na watu, na hasa ya ule mwaka tulipofua aproni zilizokaribia kulivunja kanisa.

Niliingia hoteli yetu ya Diani mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka milima ya Taita, mama wa mtoto mmoja. Mtoto ni Mghoi, na kwa sababu yake wengi wenu hamjui hata leo kwamba jina langu ni Wakesho. Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kanisani, vyenye visigino. Mkuu wa londri alikuwa Bi Mwanasiti, Mdigo wa Bongwe, mwanamke mfupi, leso moja kiunoni na nyingine begani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaviangalia viatu vyangu kwa huruma.

"Mwanangu, hivyo vinakwenda harusini ama vimekuja kazini?"

Akanitupia malapa ya mpira. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeelewa. Sakafu ya londri ni maji, hewa yake ni mvuke, na mashine ya rola ya kupigia shuka pasi ina tabia zake kama mke mwenza. Nilitoka siku ile nimelowa mpaka mfupani, nikaambiwa nimefanya vizuri kwa sababu sikuzirai.

Bi Mwanasiti ndiye aliyenifunza kazi. Alinifunza kwamba doa la damu huoshwa kwa maji baridi na chumvi, na anayelitia maji ya moto ameliozesha kwa nguo hiyo milele. Alinifunza kuipigania hina ya maharusi ikiwa bado mbichi, kwani ikishakauka kwenye shuka ni yako. Utomvu wa korosho hakunifunza kuutoa. Mpishi mmoja alikwenda kuangua korosho na sare yake nyeupe, akatuletea shati lenye madoa meusi kama ramani ya Kenya. Bi Mwanasiti alilipindua, akalirudisha kikapuni. "Hili ni la kufa nalo," akasema, na shati likawa tambara la kufutia rola.

Siku moja meno ya bandia ya mgeni mmoja mzee, Mjerumani, yaliingia mashineni ndani ya taulo. Yalitoka mazima. Bi Mwanasiti aliyaweka kwenye kisahani chenye kifuniko, akatia na ua la asumini pembeni, akanituma chumbani kwa mgeni nikayakabidhi bila kusema neno. Yule mzee alitabasamu kwanza bila meno, kisha akatabasamu nayo. Niliporudi na kuanza kuwasimulia wenzangu, Bi Mwanasiti akanikatiza.

"Dobi ni kama daktari," akasema. "Anajua nani amelala wapi, nani amelia kwenye mto, nani amekula embe kitandani. Daktari anakula kiapo. Sisi hatuapi, tunanyamaza tu."

Niliishika kanuni hiyo miaka yote. Niliivunja mara moja, tena hadharani, na habari yenyewe ndiyo hii.

Mtu wa kwanza wa kumjua ni Jotham, fundi mkuu wa hoteli. Alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo, na rola yetu ilimtii yeye peke yake. Alikuwa pia mzee wa kanisa letu la Ukunda, lile la mabati. Jenereta ikizimika katikati ya ibada, mchungaji alimtazama Jotham kabla ya kutazama mbinguni. Mkewe Selina alikuwa fundi cherehani pale Ukunda, rafiki yangu, mwenye ulimi mwepesi na moyo mwepesi zaidi.

Kisha ukaja mwaka wa vurugu. Sitaeleza mengi, waliokuwepo wanajua. Watu wa bara waliambiwa warudi makwao. Mimi Mtaita nilihesabiwa mpwani ama mbara kutegemea ni nani aliyeuliza. Amani iliporudi, wageni hawakurudi nayo. Hoteli ilikuwa tupu, shuka zimekunjwa rafuni, nasi tulikuwa tukifua mapazia yasiyo na uchafu ili tu mashine zisishike kutu. Meneja akaanza kupokea kila aliyetaka ukumbi: harusi, semina, vyama vya ushirika. Ndivyo walivyokuja Ndugu wa Nguzo.

Jina hilo ni langu. Jina lao la kweli nawaachia. Walikuwa wanaume wa Mombasa, Kwale na Msambweni, madaktari, wakandarasi na wahasibu, Waafrika kwa Wahindi kwa Wazungu. Walikutana katika ukumbi wa nyuma, pazia zimefungwa, mmoja wao amesimama mlangoni. Wahudumu waliruhusiwa kuingia wakati wa chakula tu. Kesho yake mfuko ukaletwa londri, na ndani yake mlikuwa na glovu nyeupe na aproni ndogo za kitambaa kizito, zimetiwa utepe wa zambarau na nguzo iliyodariziwa katikati.

Tulikuwa na msichana mmoja, Mercy, aliyetoka Nairobi, mchapakazi, mwimbaji mzuri wa kwaya yetu, ila mdomo wake haukuwa na komeo. Aliziona aproni akarudi kinyumenyume.

"Mimi sigusi hizo vitu, Mama Mghoi. Si unajua venye watu wanasema? Hao ni devil worship!"

Wakati ule nchi nzima ilikuwa ikizungumza habari za waabudu shetani. Kila tajiri aliyefunga lango lake alishukiwa. Bi Mwanasiti akachukua mfuko, akamimina vyote kwenye beseni.

"Nguo ni nguo," akasema. "Leteni sabuni."

Alasiri, wakati napiga pasi ile ya mwisho, Jotham akaingia. Nilidhani amekuja kuitazama rola.

"Mama Mghoi, nimekuja kuuchukua mfuko wa Ndugu."

"Wamekutuma?"

"Hapana. Mimi ni mmoja wao."

Alisema vile kwa sauti yake ndogo, bila kutazama chini. Mimi ndimi niliyetazama chini, nikaona pasi inaanza kuunguza utepe.

"Kwamba nimo si siri," akaongeza. "Ukiniuliza nitakwambia. Siri ni yale ya ndani tu. Na ile yenye doa, iliyoshinda juani, ni yangu."

Nyuma ya shuka zilizotundikwa nilisikia kikapu kikianguka. Mercy alikuwa pale.

Ijumaa habari iliyotoka ni kwamba aproni ya Jotham ilikuwa na doa. Jumamosi doa likawa damu. Kufikia Jumapili damu ilikuwa ya mtoto, na akina mama watatu walihama benchi ili wasiketi karibu na Selina.

Jambo hili lingekuwa aibu tu, likapita, lakini binti yao Naomi alikuwa ameposwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana mcheshi kama mama yake, na mchumba wake Daudi alikuwa mpiga gitaa wa kwaya. Babake Daudi, Mzee Mutua, Mkamba mwenye duka la vipuri vya baiskeli, alikuwa mzee wa kanisa mwenzake Jotham. Mzee Mutua alitangaza mbele ya duka lake, mteja akisikia na asiye mteja akisikia, kwamba harusi haipo mpaka kanisa limhoji Jotham. Mchungaji Kahindi, Mgiriama mpole aliyependa amani kuliko chakula, akaitisha kikao cha washirika wote, Jumapili baada ya ibada.

Nilijua nitaulizwa. Nilimwendea Bi Mwanasiti tukianika taulo nje, nikamwambia niko njia panda. Kunyamaza ni kanuni yetu. Na nikinyamaza, mtu anachomwa kwa moto wa uongo.

Alikung'uta taulo, akaibana kwa vibanio.

"Siri ya kumsitiri mtu ni amana," akasema mwishowe. "Siri ya kumwacha adhulumiwe si amana tena. Lakini nguo si zako. Muulize mwenyewe."

Nikamwuliza Jotham. Alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Sema ulichokiona, Mama Mghoi. Madoa yangu nakuruhusu."

Kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Mzee Mutua akasimama wa kwanza. "Mimi sina maneno mingi," akasema, kisha akasema kwa muda mrefu. Mwisho wake ulikuwa huu: "Hiyo kitu iko na damu. Watu wameona. Kama ni ya Mungu, mbona wanajifungia? Mtoto yangu hawezi kuoa kwa nyumba kama hiyo."

"Ni nani aliyeona?" Mchungaji Kahindi akauliza.

Watu wakamgeukia Mercy. Mercy, machozi yakimlenga, akanigeukia mimi. Nikasimama.

"Aproni ya Bwana Jotham nimeifua mimi," nikasema. "Doa lilikuwepo. Lilikuwa la mchuzi."

"Mchuzi wa nini?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Wa kuku, mama. Wenye bizari nyingi. Damu hutoka kwa maji baridi na chumvi. Bizari haitoki kwa dawa, inataka jua, na ile tuliianika kutwa nzima. Kama pana dhambi pale, ni ya mpishi."

Kicheko kilianzia kwa kwaya, kikapita kama upepo mpaka mlangoni. Mzee Mutua mwenyewe alijifanya anakohoa.

"Na pombe?" sauti nyingine ikauliza.

"Aproni za wengine zilikuwa na divai. Yake ilikuwa na mchuzi na chai."

Wakacheka tena, nami nikaketi nikijiona nimemaliza kazi. Sikuwa nimemaliza chochote. Mchungaji Kahindi alingoja kicheko kitulie.

"Tumshukuru Mama Mghoi," akasema. "Basi damu haipo, na waliosema ipo wataomba radhi. Lakini hata zile aproni zingekuwa nyeupe pe, mimi bado ningekuwa na swali. Jotham, ndugu yangu, huko ndani mnaomba?"

Jotham akasimama. "Tunaomba, Mchungaji. Tunamwomba Mungu Muumba."

"Jina la Yesu mnalitaja?"

"La. Wengine ni Waislamu, wengine Wahindu. Kila mtu ana dini yake, na anaiacha mlangoni ili asimkwaze mwenzake."

"Nawe ulikula kiapo?"

"Nilikula. Kusaidiana, kuishi kwa haki, na kutunza siri ya yale ya ndani."

"Uliijua siri hiyo kabla ya kuiapia?"

"Hapana. Niliapa kwanza, nikaonyeshwa baadaye."

Kanisa likanong'ona. Jotham akainua mkono wake mkubwa.

"Niruhusuni nami niseme. Mwaka wa vurugu, watu walipokuja kutafuta wabara, niliwapeleka mke na watoto wangu Msambweni kwa Bwana Anwar, mkandarasi niliyekuwa nikifanya naye kazi za pampu. Mwislamu. Alituweka ndani kwake, na yeye akakaa barazani mpaka hatari ikapita. Baadaye nikamwambia, Anwar, nitakurudishia nini? Akasema, njoo uketi nami mezani. Meza yenyewe ndiyo hii mnayoiogopa. Wakati ule hapa kwetu sikuijua meza nyingine ambapo Mdigo, Mhindi na Mluhya walikula pamoja bila mmoja kumwogopa mwenzake. Hata humu kanisani haikuwepo."

Hakuna aliyecheka. Nilimwona Mzee Mutua akiangalia kofia yake.

"Na kuhusu siri," Jotham akaendelea, "Bwana wetu mwenyewe alisema ukitoa sadaka mkono wa kushoto usijue. Alisema uingie chumbani mwako, ufunge mlango, uombe. Siri si dhambi."

"Alisema hivyo, ni kweli," Mchungaji akajibu. "Na kuhani mkuu alipomwuliza juu ya mafundisho yake, alijibu kwamba alisema waziwazi mbele ya watu, wala kwa siri hakusema neno. Sadaka ifiche, Jotham. Sala yako ifiche. Jina lake usilifiche. Mimi sikufukuzi, wala sisemi hao wenzako ni wa shetani. Siwajui, na huyo Anwar natamani nimpe mkono. Nasema hivi: umefunga agano usilolijua, mahali ambapo Bwana wako hakaribishwi kwa jina lake. Nenda ukalifikiri."

Mzee Mutua hakuridhika. "Akiri tu, Mchungaji! Aseme ametubu kuabudu shetani, hii maneno iishe, tuoze watoto."

"Mzee Mutua," Jotham akasema, "hilo sitalisema. Sikupata kumwabudu. Nikisema uongo kanisani ili nikubalike, hapo ndipo nitakuwa nimeanza."

Tukatoka bila kumaliza. Naomi na Daudi walisimama kando ya ukuta wa mabati, wameshikana vidole vidogo.

Sasa njooni tena londri, kwani jambo hili halikuishia kanisani. Siku chache baadaye rola iligoma, na Jotham alikuwa amelala chali chini yake, tunaiona miguu tu. Ilikuwa saa ya chakula. Mimi na Bi Mwanasiti tulikuwa tunakunja shuka. Mlango ukafunguliwa, akaingia Selina na kapu la mapochopocho, akasimama mbele ya ile miguu.

"Jotham."

Miguu ikatulia. "Naam."

"Watu wanauliza kama mna shetani mle. Mimi siulizi. Nimelala nawe miaka yote hii, ningemsikia akikoroma."

Bi Mwanasiti akakohoa ndani ya shuka. Nilimwashiria tutoke, akanishika mkono. Tulikuwa tumeshika ncha nne za shuka moja, na kutoka kungekuwa na kelele kuliko kubaki.

"Mimi nauliza moja," Selina akaendelea, na sauti yake ikabadilika. "Tulipokimbilia Msambweni, nilikuwa nawe. Ulipougua ukasema maneno ya wazimu, nilikuwa nawe. Hakuna mahali umekwenda nikashindwa kukufuata, ila mle. Ukirudi nakuuliza habari za huko, unasema nzuri. Mimi nimechoka na nzuri."

Spana ikalia kwenye sakafu. "Niliwaahidi, Selina."

"Mimi uliniahidi kwanza! Tena mbele ya watu, mlango wazi, hata mbuzi aliingia!"

Bi Mwanasiti alishindwa. Alicheka mpaka shuka ikamponyoka. Selina akamtazama, akataka kukasirika, akacheka naye, na kutoka chini ya ile mashine tukasikia sauti nyingine, nene kuliko tulivyoizoea, ikicheka pamoja nasi. Jotham alijivuta nje, uso umepakwa grisi, machozi yamechora njia mbili mashavuni. Sikuweza kujua yalikuwa ya kicheko au ya nini.

"Yule mbuzi alikuwa wa mjomba wako," akasema.

Kisha akaketi juu ya kikapu cha nguo na kumtazama mkewe. "Nitatoka. Si kwa sababu ya Mutua. Mchungaji aliponiuliza kama nililijua nililoapia, sikupata usingizi. Lakini Selina, yale niliyokwisha kuyaapia sitakwambia. Neno likishatoka limetoka. Wala si makubwa, ungecheka. Ni amana tu."

Selina alifikiri. Alikuwa mwanamke wa kutaka kujua bei ya kila kitambaa sokoni, kwa hiyo nilijua anachokilipa.

"Yaliyopita baki nayo," akasema. "Nataka tu kusiwe na mengine." Akafungua kapu. "Sasa kuleni nyote, kabla machozi yenu hayajatia chakula chumvi."

Jotham alikwenda Msambweni mwenyewe kumweleza Anwar uso kwa uso. Aliogopa safari ile kuliko kikao cha kanisa. Aliporudi alikuja moja kwa moja londri kutusimulia. Anwar alimsikiliza mpaka mwisho, akamtilia chai. "Mimi nilikuita mezani," akamwambia, "sikukufunga kwenye meza." Kisha wakazungumza habari za pampu.

Jumapili iliyofuata Jotham alisimama mbele ya kanisa bila kuitwa.

"Nimetoka katika Undugu ule," akasema. "Nimetoka kwa kuwa siwezi kuwa na mahali ambapo jina la Bwana wangu naliacha nje, na mke wangu anabaki nje pamoja nalo. Nimemwomba Mungu anisamehe kwa kuapia nisichokijua. Lakini sikutoka kwa shetani. Nimetoka kwa watu wema, na atakayewaita mashetani mbele yangu, yeye na mimi tutazungumza."

Mchungaji Kahindi akasema amina. Kwaya ikasema amina. Mzee Mutua alikawia, kanisa zima likimngoja, kisha akanguruma, "Haya. Amina," akatoka kwenye benchi lake akaenda kumpa Jotham mkono. Daudi alilipiga gitaa kabla ya kuambiwa wimbo ni upi. Tuliimba na kupiga makofi mpaka mabati yakajibu.

Mercy alikuja londri kesho yake macho yamevimba. "Woiye, Mama Mghoi, nilibonga sana, nikaongea yenye sijui." Tulimsamehe, lakini Bi Mwanasiti hakuamini msamaha usio na kazi, akampa vitambaa vyote vya meza vya harusi avitie wanga na kuvipiga pasi peke yake. Alivipiga vikasimama kama ubao. Miaka ile yote sikuona kazi safi kuliko ile.

Vijana wenzenu wa kanisani huniuliza mpaka leo kama Mkristo anaweza kuwa mmoja wa wale. Nami nawaambia ninayoyajua. Naamini Jotham alifanya vyema kutoka. Niliiona sura yake kabla na baada, na hiyo ya baada ilikuwa ya mtu aliyevua viatu vinavyobana. Naamini pia Anwar hakuwa shetani. Mtu akiniambia hayo mawili hayakai pamoja, namwambia yamekaa ndani yangu zaidi ya miaka ishirini, hayajagombana.

Harusi ilifanyika. Selina aliapa, kiapo cha wazi hicho, kwamba wote watakula chungu kimoja, kwa hiyo ng'ombe alichinjwa na jirani Mwislamu, na Bi Mwanasiti na mashoga zake wa Bongwe wakashika masufuria ya pilau. Maisha yake yote alikuwa adui wa madoa, na siku ile aliyagawa kwa mwiko. Akina mama wa kanisa walikuna nazi, wakakatakata vitunguu, wakafunzwa nyimbo za Kidigo, nao wakawafunza wenzao za Kiluhya, na ikawa haijulikani tena nani anamwimbia nani. Naomi alitoka kanisani akicheza, na Daudi akaacha gitaa kwa mwenzake ili naye acheze.

Katikati ya shamrashamra hizo nikaona watu wanne watano wakiingia uwanjani, mashati ya kawaida, wakubwa kwa umri. Jotham aliwakimbilia. Aliyetangulia alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, na Selina alipomwona aliacha sinia chini akamshika mikono yote miwili. Hakukuwa na nafasi iliyobaki kwenye meza kuu, kwa hiyo wakaketi palipopatikana, na Anwar akapata nafasi kwenye benchi la Mzee Mutua.

Walianza kwa kuzungumza habari za mbuzi. Kisha wakaingia kwenye bei ya mabati, na hapo wakakubaliana juu ya ubaya wa serikali, jambo linaloharakisha urafiki popote. Nilikuwa nyuma yao na birika la kunawisha wageni.

"Na wewe na Bwana Jotham mnajuana wapi?" Mzee Mutua akauliza, tonge la pilau mkononi.

"Tulikuwa chama kimoja."

"Chama gani?"

Anwar akatabasamu. "Kile, mzee."

Tonge likasimama kati ya sahani na kinywa. Mzee Mutua alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu, taratibu, kama anayetafuta mkia. Nyuma yetu akina mama walikuwa wamepandisha wimbo, na mtu alikuwa akinipigia kelele nilete maji.

Kisha Mzee Mutua akalila tonge lake. Akasogea kwenye benchi ili mwenzake apate nafasi ya kiwiko, akaisukuma sinia ikawa kati yao.

"Kula basi," akamwambia. "Hii nyama itaisha."